Waya wa Mkaa

Kaburi la Yonathani lilikuwa halijaota hata jani, na Josephat alikwisha piga magoti nyuma ya redio, anachomoa nyaya. Restuta alimkuta hivyo alipoingia sebuleni na beseni la vyombo. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa anazizungusha zile nyaya mbili nyeusi kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, kama mtu anayekunja kamba ya kuanikia nguo, na kila mzunguko anaukaza.

"Shemeji, hizo hazikunjwi hivyo," Restuta alisema.

"Usiwe na wasiwasi, mama Blessing. Najiandaa mapema tu. Gari la Itaka halina subira."

Hakusema anajiandaa kwa lipi. Hakuomba, hakuuliza, hata aibu ya kushtuka hakuwa nayo. Nje, kina mama walikuwa bado wanasuuza masufuria ya msiba, mbuzi wa kuanua tanga ndiyo kwanza anachunwa, kikao cha ukoo hakijakaa, na mtu mzima mwenye mke na watoto kashafunga mzigo. Restuta alitua beseni chini taratibu, maana aliona akiendelea kulishika litampata mtu kichwani.

Na tuseme ukweli kuhusu ile redio, kwa kuwa siku ile ulisemwa uongo mwingi. Watu waliiita redio kwa mazoea tu. Ilikuwa vipande: mashine ya sidii, amplifaya nzito kama jiwe la kusagia, na spika mbili za mbao zinazomfika mtu kiunoni. Mtaa mzima uliiita redio ya mwalimu Yonathani, kwa sababu mwalimu ndiye aliyekaa kando yake Jumapili na wageni, mguu juu ya mguu, akipokea sifa. Yeye hakusema ni yake, na hakumsahihisha aliyesema. Ndani ya nyumba walijua ni ya nani, na wakati ule ndani ya nyumba ilitosha.

Aliyeinunua ni Restuta. Kwa miaka mingi alikuwa akiutoa mchele Msangano, akiuvusha mpaka hadi Nakonde na kuendelea nao mpaka kwenye miji ya migodi, ambako wateja walimwita bamayo wa mchele, yaani mama wa mchele kwa Kibemba, na kumgombea. Mmoja wa wateja wake alikuwa mpishi wa mzungu, mhandisi wa mgodi wa shaba. Mgodi ulipouzwa kwa wenyewe wapya, mzungu akafungashiwa virago, akawa anauza vitu vya nyumba kabla ya kupanda ndege. Restuta alikuwa amekwenda kuona masufuria. Akasikia muziki unatoka sebuleni, akasimama mlangoni na kapu kichwani, na masufuria yakamtoka akilini. Faida ya msimu mzima iliishia pale.

Kila senti nyingine aliyowahi kuipata ilikwenda kwenye bati, ada, dawa, na michango ya harusi za ndugu wa mume, harusi ya Josephat ikiwemo. Ile redio ndiyo kitu pekee alichojinunulia kwa sababu tu alikitaka. Jioni, akirudi kutoka mpakani na miguu imevimba, alitandika mkeka katikati ya spika mbili na kulala chali. Nje malori ya shaba yamepanga foleni, madereva wanapigiana honi, na humu ndani mwimbaji anasimama katikati ya chumba, si kushoto wala kulia, katikati kabisa, kama mtu aliyebisha hodi akakaribishwa. Hakuna mtu aliyemwomba chochote muda ule.

Ndiyo maana Restuta alikuwa radhi wachukue kila kitu, kuanzia kitanda mpaka mwiko, lakini si ile redio.

Kikao kilikaa uani baada ya nyama. Mwenyekiti alikuwa mzee Sadoki, baba mkubwa wa marehemu, mtu mpole asiyependa makelele, na ambaye kwa kutopenda makelele alikuwa ameshawapa wenye makelele mambo mengi katika ukoo ule. Vilianza vidogo. Koti la marehemu likaenda kwa huyu, baiskeli kwa yule, saa ya mkononi kwa wifi Felista ampelekee mwanawe. Restuta alikaa kwenye mkeka na wanawake, kitambaa cheusi kichwani. Koti lilikuwa la Yonathani, baiskeli ilikuwa ya Yonathani, sawa.

"Imebaki redio," Josephat akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbushia jambo lililokwisha. "Mimi ndiye ninayemfuata marehemu. Nimeshaifunga."

"Redio si ya marehemu," Restuta akasema. "Ni yangu."

Felista, dada wa marehemu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata ulimi. "Wifi, jamani. Marehemu hata hajapoa, unaanza yangu, yangu?"

Hapo Restuta alihisi damu ikipanda mpaka masikioni. Angalia mambo ya dunia. Aliyemaliza kufunga mzigo tangu asubuhi ana huzuni, na anayesema usinichukulie changu ndiye mwenye tamaa. Felista mwenyewe saa ilikuwa imeshatoweka kwenye pindo la kitenge chake, na bado alikuwa na uso wa kumsikitikia kaka yake.

"Marehemu mwenyewe alijua ni yangu," Restuta alisema. "Nimeitoa Zambia juu ya lori, nimekaa na nyaya zake mapajani njia nzima."

"Kaka aliniambia mimi alinunua yeye," Josephat akajibu. "Aliniambia kwa kinywa chake. Mwanamke wa kuuza mchele atajulia wapi vitu vya namna ile?"

Wanaume wawili watatu wakaguna kukubali. Wote walikuwa wameula mchele ule mchana huohuo.

Mzee Sadoki aliinua mkono. Katika ukoo wao, watu wakigombea mnyama, jambo lilikuwa na njia yake ya siku nyingi. Kila anayedai hutakiwa kutaja alama ambayo macho ya mpita njia hayawezi kuiona: kovu chini ya ulimi, nywele nyeupe ndani ya sikio. Anayeijua alama ndiye mwenye mnyama, na kesi imekwisha. Mzee aliwahi kuamua hivyo ng'ombe, kuku, hata nguruwe.

"Basi tufanye kama tunavyofanya," alisema. "Josephat, taja alama."

"Amplifaya ina mkwaruzo chini, karibu na mguu mmoja."

Akainuliwa mtu kwenda kuangalia, akarudi akisema kweli, upo. Restuta alicheka kicheko kibaya kisicho na furaha. Mtu kapiga magoti nyuma ya kitu asubuhi nzima, kakipindua, kakifunga kwa shuka, halafu anasifiwa kwa kujua chini yake pakoje. Lakini alama ilikuwa imekubalika, na watu wakaitikia kwa vichwa.

"Mama Blessing?"

"Zile nyaya mbili nyeusi alizozikunja, za kutoka kwenye sidii, kila mmoja na spika yake," Restuta alisema. "Ndani yake hazina shaba. Zina mkaa."

Kicheko kilianzia kwa wanaume kikaruka mpaka jikoni. Waya wa mkaa. Hapa Tunduma, ambako shaba inapita barabarani kila siku kwa malori, ambako hata mtoto anajua waya ni shaba na shaba ni hela. Josephat alicheka mpaka akafuta macho. "Mzee, mimi naona huzuni imemzidi mjane. Mkaa ni wa kupikia. Waya ni shaba, na kaka alinitajia kabisa, shaba safi ya Zambia."

Restuta hakuwalaumu kwa kucheka. Hata yeye alicheka siku ile sebuleni kwa mzungu. Mtu anayechimba shaba mchana kutwa, jioni anarudi nyumbani kusikiliza muziki kwa mkaa. Mzungu alikuwa amechukua muda wake kumweleza, kwa Kibemba chake cha kuungaunga: kwamba shaba, kwa sikio lake yeye, inaupa muziki ukali, na mkaa huu uliofumwa nyuzi nyembamba kama nywele unaupitisha kwa upole. Kama ilikuwa kweli au ni wazimu wa mtu aliyechoshwa na shaba, Restuta hakujua. Alichokishika ni masharti: usizikunje, usizivute, usizikate, maana zikikatika hakuna fundi atakayeziunga.

Mzee Sadoki aligeuka. "Danford yupo?"

Danford, fundi redio mwenye kibanda karibu na mpaka, alikuwa miongoni mwa waliokuja kuzika na kula. Akatumwa kuleta kipimo chake, akarudi nacho: betri mbili zilizofungwa kwa raba, balbu ya tochi, na vipande viwili vya waya. Kwa kipimo hicho alikuwa ametibu redio za mji mzima. Balbu ikiwaka waya ni mzima, isipowaka waya umekufa, na hakuna rufaa.

Alishika waya mmoja mweusi, akagusisha ncha ya ndani huku, na ncha ya ndani kule. Balbu haikuwaka. Akapangusa, akagusisha tena. Akajaribu wa pili. Giza.

"Nyaya zimekufa hizi, mzee," Danford alisema. "Zote mbili."

"Anapigania maiti," mtu mmoja akasema nyuma, na vicheko vikaanza upya.

"Hazijafa," Restuta alisema. "Juzi kabla ya msiba zilikuwa zinaimba. Mkaa unapitisha kidogo kidogo. Sauti inayotoka kwenye sidii ni ndogo, inapita. Wewe unataka kuwashia taa, hapo ndipo inashindwa. Fundi, uliwahi kupima waya wa mkaa?"

Danford alikuna shingo. Alikuwa mtu wa haki kuliko kipimo chake. "Sijawahi hata kuuona, mama."

"Zimekatika kwa ndani, basi," Josephat akasema. "Kaka alizitumia sana. Shaba huchoka. Kateni mmoja tuone, kesi iishe."

Mzee Sadoki alimtazama Restuta. "Mama, unasemaje? Alama ikiwa ndani ya mnyama, hapana njia nyingine. Tukate?"

Basi hapo ndipo hasira iliyokuwa ikichemka tangu asubuhi ilipofurika. Restuta alisimama. Mjane hasimami katika kikao, lakini alisimama.

"Baba mkubwa, nisikilize. Shemeji amesema redio ni ya kaka yake. Nani alimwambia athibitishe? Mkwaruzo aliouona leo asubuhi mmeupokea. Amesema ndani ni shaba, mmempokea, hakuna aliyemwambia alete shaba yake tuione. Mimi nimesema ni mkaa, ndiyo mnaitisha kisu. Kitu changu ndicho kikatwe ili nyie mniamini. Nisipokubali, mwongo. Nikikubali, kimekufa. Na akionekana mwongo ni yeye, yeye anapungukiwa nini? Anapanda gari anarudi Itaka, basi."

Mzee Sadoki alitazama chini, akachora mstari udongoni kwa fimbo yake. Alikuwa ameelewa, hilo lilionekana wazi, na kuelewa kwake ndiko kulikomuudhi Restuta kuliko kicheko cha wote.

"Ndiyo desturi, mama," mzee alisema mwishowe, kwa unyonge.

"Basi kateni. Lakini akate yeye mwenyewe, kwa mkono wake."

Josephat hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alichukua kisu kilekile kilichomchuna mbuzi, akakifuta kwenye suruali, akaulaza waya mmoja juu ya kigogo cha kukatia nyama. Restuta alijilazimisha kutazama. Kisu kilipita kwenye ganda jeusi, na Josephat akalivuta ganda kama anayemenya muwa. Chini yake ukang'aa wavu mwekundu uliofumwa vizuri, nyuzi juu ya nyuzi.

"Shaba," Josephat alisema, na akaunyanyua waya juu ili kila mtu aone. "Uko wapi mkaa wako, shemeji? Shaba hii hapa. Njia ya mwongo fupi."

Watu walinyanyuka kwenye viti. Ni kweli, ilikuwa shaba, jua lilikuwa linaipiga na haikuwa na ubishi. Felista alipiga makofi mara moja akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Hata Danford alishusha macho. Kwa muda kidogo Restuta alikuwa peke yake kuliko alivyokuwa siku ya kuzika.

"Hilo ni koti," alisema.

"Nini?"

"Hilo ni koti lake. Linazuia makelele ya nje yasiingie ndani. Waya wenyewe haujaufikia. Endelea kukata, shemeji, mbona umechoka mapema?"

Josephat alimtazama mzee, mzee akaashiria kwa kidevu aendelee. Akaurudisha waya kwenye kigogo, safari hii bila haraka. Alikata wavu wa shaba, akakuta ganda jeupe. Akakata ganda jeupe, akalivuta. Na hapo, kutoka ndani, zikachomoza nyuzi nyeusi tii, nyembamba, nyingi, zimelala pamoja kama nywele zilizochanwa.

Danford alisogea, akainama, akachukua uzi mmoja kwa kucha. Aliukunja. Shaba ingejipinda. Ule ulikatika kwa mlio mdogo mkavu. Akakunja mwingine, nao ukakatika. Aliuweka kiganjani akauzungusha kwa mzee Sadoki, kisha kwa wanaume wengine, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyeuona alirudi kukaa kwenye kiti chake akawa na shughuli ya kutazama viatu vyake.

"Si shaba, mzee," Danford alisema. "Ni kama alivyosema."

Josephat alikuwa bado na kisu mkononi. Mfa maji haachi kutapatapa, akaanza: huenda kaka alimweleza mkewe, huenda alisahau kumweleza yeye, huenda katika kununua walikuwa wote. Mzee Sadoki alimkatiza.

"Umesema alikwambia shaba safi. Kaka yako hakukwambia lolote, Josephat. Redio ni ya mama Blessing, na kikao kimekwisha."

Ndivyo walivyomaliza. Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyesema tumekukosea. Waliinuka, wakakung'uta nguo, wakaanza kuulizana habari za mvua na bei ya kahawa Isansa, kana kwamba walikuwa wamekutana pale kwa ajili hiyo. Felista alimpitia Restuta karibu kabisa akamwambia kwa upole, "Si umeona, wifi? Haki yako umepata." Na Josephat, alipokuwa anasubiri gari lake, alisema kwa sauti ya mtu mwenye moyo mkubwa kwamba waya ni waya tu, fundi ataunga.

Fundi hakuweza kuunga. Wiki iliyofuata Danford alikuja na pasi yake ya kuungia nyaya kwa risasi, akakaa sebuleni mpaka jasho likamtoka. Risasi ilishika koti la shaba bila shida, lakini kwenye mkaa iliteleza na kudondoka, kila mara. Alijaribu kufunga nyuzi kwa kuzisokota, zikakatika vidoleni. Mwisho alitoa mfukoni waya wa kawaida, ule mwekundu na mweupe unaouzwa Nakonde kwenye mafungu pamoja na betri na viberiti.

"Upande wa kulia uko salama, mama, ule waya mwingine ni mzima. Huku kushoto nikuwekee huu. Bure, sitaki kitu. Mimi ndiye niliyesema umekufa."

Restuta alimshukuru, kwa sababu alikuwa mtu pekee katika jambo lile aliyekumbuka kwamba alikuwepo. Lakini waya aliukataa.

Jioni alitandika mkeka mahali pake pa siku zote, akawasha. Spika ya kulia iliimba, ya kushoto ikanyamaza. Mwimbaji hakusimama tena katikati ya chumba. Alikuwa amesogea ukutani, upande mmoja, kama mgeni aliyeambiwa apishe njia, na Restuta akamsikiliza hivyohivyo huku machozi yakimtiririkia masikioni. Alimlilia Yonathani, ambaye angeweza kumaliza kesi nzima kwa kusema neno moja Jumapili moja mbele ya wageni, na hakusema. Aliulilia na waya pia, na hakuona aibu.

Ndugu na majirani walimshauri, mama Blessing, weka tu huo waya wa kawaida, nani atajua tofauti? Aliwajibu kwamba yeye atajua, na wakaacha.

Kahawa ilipokwisha vunwa, Josephat alipita Tunduma kwa shughuli zake, akafika kusalimia kama vile ndugu wanavyosalimiana. Restuta alimpokea vizuri. Alimuuliza watoto, akamuuliza shamba, akamvutia kiti akakiweka kushoto, bega kwa bega na spika. Kisha akawasha redio.

Josephat alisikiliza kidogo. Aliisogezea sikio spika iliyokuwa kando yake, akaigonga kwa kidole, akasikiliza tena.

"Shemeji, mbona hii ya kwangu haisemi kitu?"

"Hilo ndilo fungu lako la urithi, shemeji," Restuta alisema. "Keti ulisikilize. Nakuletea chai."